Onlei ya gego hatua kwa hatua, kwa daktari wa meno anayeanza

Maswali hayabadiliki: nikate jino kiasi gani? Saruji gani itumike? Kwa nini onlei imebanduka kabla ya miezi mitatu? Majibu yako hapa chini, na yamefuata kazi moja utakayokutana nayo kuliko zote: gego la sita la chini lenye zibo kubwa la zamani, kilele kimoja kimemeguka, kiini (sehemu hai ya ndani yenye neva na damu) bado kizima, na onlei ya kauri ya lithiamu disilikati. Ukiiweza hiyo, nyingine zinafuata njia ileile.

Tukubaliane maneno kwanza. Vilele ni vile vinundu vya gego vinavyotafuna. Kipande kinachotengenezwa nje ya mdomo na kukaa katikati ya vilele bila kufunika hata kimoja ni inlei. Kikifunika kilele kimoja au zaidi ni onlei. Kikivaa jino lote mpaka karibu na fizi ni krauni. Krauni hushikwa kwa kiasi kikubwa na umbo la jino ulilolikata. Onlei ya kauri hushikwa na gundi. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu ukavu na usafi, wala si drili.

Jino gani linafaa

Pima kwa kipimo cha unene, usikadirie kwa macho. Funika kilele ikiwa ukuta uliobaki, ukipimwa kwenye shina lake, ni mwembamba kuliko mm 2 kwenye kilele kisichobeba mzigo, au mm 3 kwenye kinachobeba. Kwa magego ya chini, vinavyobeba mzigo ni vya upande wa shavu. Kwa ya juu ni vya upande wa kaakaa. Jino lililotibiwa mzizi na kupoteza kingo zote mbili za pembeni lifunikwe vilele vyote bila mjadala. Tundu lililopita katikati ya gego kutoka upande wa mbele mpaka wa nyuma huondoa zaidi ya nusu ya ugumu wa jino, na zibo la kawaida haliurudishi.

Usianze onlei ikiwa ufa umeshuka mpaka kwenye mzizi, au ukingo wa tundu uko chini ya fizi kiasi kwamba mpira wa kutenga jino hauwezi kukaa. Mgonjwa ambaye uozo bado unamtembea mdomo mzima naye asubiri. Tuliza mdomo kwanza.

Vitu vya kuandaa

- Eksirei ya mzizi na ya kuuma, kifaa cha baridi cha kupima kiini, kipimo cha unene
- Vichwa vya almasi vya drili: cha mchongoko chenye ncha butu, cha umbo la yai, na vyenye punje laini vya kumalizia
- Mpira wa kutenga jino pamoja na vibano vyake
- Asidi ya fosforiki 37%, praima na bondi, kompoziti ya majimaji, jeli ya gliserini
- Silikoni ya chapa (ya kunakili umbo la jino), nzito na nyepesi, na uzi wa kusukuma fizi
- Rezini ya onlei ya muda na saruji ya muda isiyo na yujino
- Asidi ya hidrofloriki 5%, silani (kimiminika kinachounganisha kauri na rezini), saruji ya rezini inayoganda kwa taa na yenyewe
- Taa ya kugandisha yenye nguvu ya angalau mW 1000 kwa sentimita ya mraba, betri imejaa
- Karatasi ya kaboni ya kuumia ya mikroni 40 au chini, uzi wa meno, vipira vya kung'arisha kauri

Kabla mgonjwa hajakaa, puliza hewa ya mashine kwenye kioo kikavu cha mdomo. Ukiona matone ya maji au utando wa mafuta, kompresa inahitaji kumwagwa maji au kubadilishwa kichujio. Hewa chafu huharibu bondi kimyakimya, na lawama huishia kwa saruji ambayo haikuwa na kosa.

Ziara ya kwanza

1. Chunguza na uchague rangi. Jino lijibu baridi kwa maumivu mafupi yanayokatika. Maumivu yakibaki muda mrefu baada ya baridi kuondolewa, au yakija yenyewe usiku, hilo ni la tiba ya mzizi kwanza. Rangi ichaguliwe sasa, jino likiwa na mate. Likishakaa kavu dakika chache huonekana jeupe kuliko lilivyo.

2. Weka alama za kuuma, kisha ganzi. Muumishe mgonjwa kwenye karatasi ya kaboni na upige picha kwa simu. Ukingo wa onlei usiangukie pale meno yanapogongana. Uache angalau mm 1. Chukua pia chapa ndogo ya silikoni ya jino kabla hujalikata, kwa ajili ya onlei ya muda. Ikiwa kilele kimemeguka, kijaze haraka kwa nta au kompoziti isiyobandikwa, ndipo uchukue chapa.

3. Funga mpira, toa zibo la zamani na uozo. Safisha kingo zote mpaka enameli safi. Dentini (tabaka lililo chini ya enameli) iliyo juu ya kiini, ikiwa ngumu kama ngozi kavu na haitoki kwa kijiko, iache. Kumtoboa mgonjwa kiini kwa kutafuta weupe kamili ni hasara isiyo na faida. Sasa ndipo upime kuta na uamue vilele vipi vinafunikwa.

4. Punguza vilele. Chora mifereji ya kina kwanza, kisha iunganishe. Kauri iwe na unene wa mm 1.5 katikati ya mifereji ya gego na mm 2 juu ya kilele kinachobeba mzigo. Fuata mteremko wa jino. Ukikata bapa kama meza utapata unene pembeni na wembamba katikati, na katikati ndipo kauri hupasukia. Hakiki nafasi kwa kumuumisha mgonjwa kwenye nta laini na kuipima. Mruhusu pia asogeze taya kushoto na kulia, kwa sababu nafasi inayotosha akiuma tuli mara nyingi haitoshi akitafuna.

5. Tengeneza kisanduku cha pembeni, yaani tundu la upande wa jino jirani, na ulainishe pembe. Sakafu ya kisanduku iingie ndani mm 1 hadi 1.5. Kati ya ukingo na jino jirani iachwe mm 0.5 au zaidi, la sivyo chapa itachanika hapo na fundi hataona mpaka. Kuta zifunguke kuelekea juu kwa jumla ya nyuzi 10 hadi 12. Njia ya kati isipungue upana wa mm 2. Kingo ziishie wima, kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Usizichonge mteremko mwembamba kama ulivyofundishwa kwa dhahabu, maana kauri nyembamba humeguka ukingoni. Pembe zote za ndani ziwe za mviringo. Tazama jino kwa jicho moja kutoka juu: ukiona kingo zote kwa pamoja bila kusogeza kichwa, hakuna mahali pa kunasa.

6. Funga dentini leo, usingoje siku ya kubandika. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayozuia jino kuuma kwa baridi wiki mbili zote za kusubiri. Dentini iliyokatwa sasa hivi ni safi. Ikikaa chini ya saruji ya muda huchafuka. Paka asidi kwenye dentini sekunde 15, osha, punguza maji bila kuikausha mpaka ikawa nyeupe, paka praima na bondi, piga taa sekunde 20. Weka utando mwembamba wa kompoziti ya majimaji kujaza mashimo, piga taa tena. Kisha funika kwa jeli ya gliserini na upige taa sekunde 10 za mwisho: hewa huzuia tabaka la juu la rezini lisigande, na gliserini huizuia hewa. Malizia kwa kupitisha kichwa laini cha almasi kwenye kingo za enameli ili bondi iliyomwagikia huko iondoke. Hakiki tena nafasi ya kauri, kwa sababu umeongeza tabaka.

7. Chukua chapa. Pangusa rezini uliyoweka kwa pamba yenye spiriti, kwani mabaki yasiyoganda huzuia silikoni. Glavu za lateksi nazo huizuia. Kanda silikoni nzito kwa glavu za vinili au nitrili. Sukuma fizi kwa uzi pale ukingo unapoikaribia, subiri damu ikauke kabisa, nyunyiza silikoni nyepesi kuanzia sakafu ya kisanduku ukipanda juu bila kuinua ncha. Acha igande kwa muda wote ulioandikwa kwenye pakiti, kisha itoe kwa mkupuo mmoja. Ikague kwa kioo cha kukuza. Kiputo kimoja juu ya ukingo ni chapa ya kurudia, hata kama mgonjwa wa pili anagonga mlango. Alginati haifai kwa kazi hii; inanyauka na kubadilika kabla haijafika maabara. Chukua pia chapa ya meno yanayopambana nalo na rekodi ya kuuma.

8. Weka onlei ya muda. Paka vaselini kidogo juu ya rezini ya hatua ya 6, la sivyo rezini ya muda itashikana nayo na utaitoa kwa drili. Jaza ile chapa ndogo, irudishe mdomoni, itoe ikiwa bado inanyumbulika kidogo, kata mabaki. Saruji ya muda isiwe na yujino, yale mafuta ya karafuu. Karafuu ya Pemba imewatuliza watu maumivu ya jino kwa miaka mingi, lakini yujino huzuia rezini kuganda, na ukiipaka hapa umeharibu kazi ya siku ya pili. Harufu ndiyo kipimo rahisi: saruji ikinukia karafuu, irudishe kabatini. Mwambie mgonjwa atafunie upande mwingine, na asikae na onlei ya muda zaidi ya wiki mbili.

Maagizo kwa fundi meno

Andika kwa maneno kamili: jina la kauri, rangi, vilele vinavyofunikwa, jino linalopambana nalo, na kwamba fundi asitie asidi sehemu ya ndani kabla ya kukutumia. Swali la mwisho la kumuuliza ni hili: "Hii ni disilikati au zirkonia?" Zirkonia, kauri ya aina nyingine, haiguswi na asidi ya hidrofloriki, hiyo hupigwa mchanga wa alumina wa mikroni 50 kwa shinikizo dogo na kupakwa praima maalumu yenye MDP, kemikali inayoshikana na zirkonia. Wanaoanza wengi huzibandika zote kwa namna moja, kisha hushangaa moja ikidondoka.

Ziara ya pili

9. Jaribu kabla ya asidi. Ganzi tena, toa ya muda, safisha kwa brashi na unga wa pamisi. Kaza uzi wa meno pande zote mbili: upite kwa mlio mdogo, usikatike. Onlei isipokaa, tatizo la kwanza kushuku ni mguso na jino jirani, kisha mabaki ya saruji ya muda, kisha ndani ya onlei. Usimuumishe mgonjwa kwa nguvu. Kauri isiyobandikwa ni dhaifu, na ufa wa sasa utauona baada ya miezi.

10. Funga mpira, halafu andaa kauri mezani. Sehemu ya ndani: asidi ya hidrofloriki 5% kwa sekunde 20, hizo tu. Chupa za 9 au 10% zipo madukani, lakini kwa disilikati asidi kali au muda mrefu hudhoofisha kauri. Osha kwa maji mengi, paka asidi ya fosforiki na kuisugua taratibu sekunde 60 ili itoe mabaki meupe, osha, kausha. Sehemu iwe nyeupe isiyong'aa. Paka silani, subiri sekunde 60, puliza. Kuanzia hapo usiiguse kwa kidole.

   Onyo: asidi ya hidrofloriki haiingii mdomoni mwa mtu. Ngozi yaweza isiume mwanzoni wakati asidi inapenya mpaka kwenye mfupa. Vaa miwani na glavu nene, fanyia kazi mbali na kiti cha mgonjwa, na weka karibu jeli ya kalsiamu glukoneti 2.5%. Kliniki isiyo na jeli hiyo isifungue chupa ile.

11. Andaa jino. Rezini ya hatua ya 6 iamshwe kwa kupigwa mchanga laini wa alumina, au kusuguliwa kwa kichwa laini cha almasi. Linda jino jirani kwa ukanda wa plastiki. Asidi ya fosforiki kwenye enameli sekunde 30, osha, kausha mpaka enameli iwe kama chaki. Paka bondi, puliza iwe nyembamba sana, na usiipige taa bado: bondi nene iliyoganda pembeni huizuia onlei kukaa.

   Kwa wanaofanya kazi Arusha, Kilimanjaro, au Nakuru na Naivasha upande wa Kenya: enameli yenye madoa ya kahawia ya floridi hukaidi asidi. Ikwaruze kwanza kwa almasi laini na uongeze muda wa asidi mpaka ionekane chaki kweli. Isipofikia hapo, saruji haitashika ukingo huo.

12. Bandika. Weka saruji ndani ya onlei, ikalishe taratibu kwa shinikizo la kidole kisha kifaa butu. Kagua ukingo wote. Pangusa saruji iliyotoka kwa brashi ndogo kavu, piga taa sekunde 2 tu kila upande, ondoa iliyobaki ikiwa bado kama jibini. Pitisha uzi wa meno na uuvute kwa pembeni. Ukiuvuta juu utainua onlei. Paka gliserini kuzunguka kingo, piga taa sekunde 40 kila upande: juu, shavuni, ulimini. Kauri nene kuliko mm 2 huzuia mwanga mwingi, ndiyo maana ya kutumia saruji inayoganda yenyewe pia. Sasa toa mpira.

13. Sawazisha kuuma na ung'arishe. Karatasi ya kaboni akiuma tuli, kisha rangi nyingine akisogeza taya. Punguza kwa almasi laini yenye maji, kisha vipira vya kung'arisha kuanzia mkwaruzo mkubwa mpaka mdogo. Kauri iliyoachwa na mikwaruzo hula jino linalopambana nayo kama tupa. Piga eksirei ya kuuma kutafuta saruji iliyojificha chini ya fizi.

Ya kumwambia mgonjwa

Jino lililobandikwa vizuri linaweza kutafuna siku hiyohiyo ganzi ikishaisha, ila lisipewe miwa, mifupa wala kokwa za ubuyu. Anayesaga meno usingizini atengenezewe kinga ya usiku. Bila hiyo usimpe hakikisho lolote. Uzi wa meno ni kila siku, maana onlei haiozi lakini jino lililo chini ya ukingo wake huoza vilevile. Arudi baada ya wiki moja, kisha kila miezi sita.

Mambo yakienda kombo

*Linauma akiuma, hasa anapoachia.* Kwanza angalia kuuma kwa karatasi. Mara nyingi kuna sehemu iliyo juu kidogo. Ikiwa kuuma ni sawa, shuku ufa kwenye jino uliokuwepo kabla yako.

*Linashtuka kwa baridi.* Likipungua siku hadi siku, subiri mpaka wiki nne. Likiongezeka au kuanza kuuma lenyewe, pima kiini upya. Ukiruka hatua ya 6, lalamiko hili litakuwa rafiki yako wa kudumu.

*Imebanduka ikiwa nzima.* Tazama saruji imebaki wapi. Ikibaki yote kwenye jino, kauri haikuandaliwa: silani ya zamani iliyogeuka maziwa chupani, au mate yaliyogusa baada ya asidi. Ikibaki yote ndani ya onlei, kosa ni upande wa jino: unyevu, damu, yujino, au vaselini ya hatua ya 8 isiyosuguliwa ikatoka. Safisha ndani kwa mchanga laini, rudia hatua ya 10 mpaka 13.

*Imepasuka katikati.* Pima unene wa vipande. Chini ya mm 1.5, jino lilikatwa kidogo. Ikiwa unene unatosha, tafuta pembe kali ya ndani au sehemu ambayo saruji haikujaa. Mpya itengenezwe baada ya kurekebisha jino. Kumtumia fundi chapa ya zamani ni kuagiza ufa uleule.

*Chakula kinanasa pembeni.* Mguso na jirani ni legevu. Ungepaswa kuuona kwenye hatua ya 9, onlei ikiwa bado mkononi na fundi akiweza kuongeza kauri. Ikishabandikwa, njia ni kuziba jino jirani upya kwa umbo lililojaa zaidi, kama nalo lina zibo, au kuanza upya.

*Mstari wa kahawia ukingoni baada ya mwaka.* Pitisha kichunguzi. Ikiwa panateleza na ni pagumu, ni doa la chai kwenye saruji iliyolika, ng'arisha. Kichunguzi kikizama, ni uozo. Ukiwa mdogo na unafikika, toa sehemu hiyo tu na uzibe kwa kompoziti baada ya kupiga kauri ya ukingoni mchanga laini na kuipaka silani. Asidi ya hidrofloriki usiiingize mdomoni hata kwa ukarabati huu.